Kina cha Nyayo

Mwalimu wetu alitufundisha neno moja kabla ya yote:
huenda.
Atakayelisahau, alisema, arudi kwao akauze ndizi.

Akatuwekea picha ya jiwe lenye mikwaruzo,
jozi kwa jozi, mipana kama beseni la kufulia.
Huenda dume la dinosaria lilisimama hapa
likaparura mchanga, mguu huu, mguu ule,
jike likitazama pembeni kama halitazami.
Hakuna yai hapo. Hakuna mfupa.
Kuna kucha tu,
na haraka ya anayetaka kupendwa.

Mifupa arobaini katika shimo moja:
ni kundi? Ni ukoo?
Au ni maji tu yaliyowazoa,
kama Mto Rau unavyozoa kandambili za watu wasiojuana
na kuzilaza pamoja kwenye mifereji ya mpunga?

Na yule aliyefia juu ya mayai
wakamwandika mwizi.
Miaka sabini, mwizi,
mpaka kiinitete ndani ya yai la namna ile kikatoa ushahidi:
mayai ni ya jamii yake. Huenda alikuwa anaatamia.
Sijasikia aliyemwomba radhi.

Nikaja Moshi likizo.
Uani kwetu Pasua, kati ya bomba na banda la kuku,
kuna sakafu ya saruji ya mwaka tisini na tatu.
Nyayo saba kubwa, kidole gumba kimepinda.
Kushoto kwake, sambamba, nyayo kumi na moja ndogo.
Na kuku mmoja aliyekatiza katikati bila adabu.

Maana yake niliijua tangu utoto:
baba, kabla hajaenda Mererani,
alitembea hapa amenishika mkono.
Sikuambiwa na mtu. Nilijisomea.
Shuleni wakinitania kuhusu baba
nilirudi nikasimama pale,
mguu wangu mwaka hadi mwaka
ukikataa kuingia katika mguu wangu.

Safari hii nilipiga magoti, nina rula.
Mama Ndeanasia alikuwa kwenye kigoda, anachambua maharage.
"Unapima nini tena?"
"Kina."

Za baba: sentimita mbili na ushee,
kingo zimevimba, uji wa saruji ulimrudia kisiginoni.
Zangu: milimita nne. Kingo kavu, zimemeguka.
Mtoto ni mwepesi, nikajitetea.
Nikapima tena. Mtoto ni mwepesi.

Lakini kuku.
Kuku ni mwepesi kuliko mtoto,
na amezama kunishinda.

Nilikaa pale mpaka rula ikapata joto la jua.

"Alipita alfajiri," mama akasema, macho kwenye ungo,
"fundi Mfinanga alimtukana mpaka barabarani,
na yeye na begi lake, hakugeuka.
Wewe ulikuwa umelala.
Mchana ulipoamka ukaziona, ukashuka nazo.
Nikakuacha. Ningekuambia nini?"

Saba zake zinaishia ukingoni.
Kumi na moja zangu zinaishia palepale.
Baada ya hapo ni udongo, na udongo wetu
hupigwa mvua za masika, hautunzi la mtu.

Jogoo wa jirani alikuja akaparura karibu na mtetea,
mguu huu, mguu ule. Mtetea akatazama bomba.

Nikafungua daftari.
Wanyama wawili, wa jamii moja.
Mwelekeo mmoja. Saa tofauti.
Kwenye mstari wa tabia niliandika: kufuata,
nikakaa na kalamu hewani, nikitafuta pa kuweka huenda.

Mama akaweka ungo chini, akaomba rula.
Akainama kwa shida ya goti lake,
akailaza kwenye unyayo mkubwa wa kwanza,
toka kisigino mpaka kile kidole kilichopinda,
akaishikilia pale kitambo,
kisha akanirudishia
bila kuuliza imesoma ngapi.