Kelele za Nyuma

Dalali wa viwanja hapa Malindi namjua:
ana kofia, ana mdomo, ana simu tatu,
na ukimkuta Barani saa nne asubuhi
kahawa utamlipia wewe.
Dalali wangu mimi hana hata kivuli.
Anakaa ndani ya kompyuta ya mkopo
iliyong'oka herufi H,
na kila senti ipitayo kwake
huing'ata kwanza.

Mama alifua mashuka ya Wataliano miaka kumi na tisa.
Kitaliano alikiokota pale, kwenye beseni,
neno moja leo, tusi moja kesho,
akanilisha nikiwa mgongoni.
Basi nilipojiandikisha, penye "ujuzi wako"
nikajaza: lugha ya mama.
Sikudanganya.

Zabuni arobaini na moja sikujibiwa.
Mtu wa Manila aliomba nusu ya bei yangu,
mtu wa Lahore nusu ya nusu,
nami nikashuka, nikashuka,
kama anayeteremka kisimani asijue maji yako wapi.
Ya arobaini na mbili akanichukua Ottavio,
muuza vigae vya bafuni, Bergamo.

Kazi yenyewe: yeye anasema, mimi naandika.
Mikutano, hesabu, kuwagombeza mafundi.
Miezi kumi na mmoja nimemvaa masikioni.
Najua hukohoa kabla ya kutaja bei.
Najua akidanganya husema "kweli" mara mbili.
Yeye anajua kwamba mimi ni Mwanajabu S.,
Kenya, nyota nne nukta nane.

Hizo sehemu mbili za kumi zilizopungua
ni usiku ule tokeni za stima zilipoisha,
nikachelewa saa moja na robo.
Bibi yangu alisomewa nyota na mwalimu wa falaki,
akaulizwa kwanza jina la mamake.
Mimi yangu husomwa kila Ijumaa
na watu wasioniuliza kitu.

Juzi, foleni ya aiskrimu,
nyuma yangu mtu akakohoa.
Sikugeuka. Nikangoja.
"Bei gani?" akauliza kwa Kitaliano,
na nywele za shingo zikanisimama.
Kaptula, ndala mpya,
mabega mekundu kama kamba wa kuchemshwa.
Mfupi kuliko sauti yake.

Ningesema. Kinywa kilishafunguka.
Lakini kuna kifungu nakijua
kuliko namba ya kitambulisho changu:
mteja na mfanyakazi wasijuane nje ya jukwaa;
atakayevunja, akaunti itafungwa,
na nyota zote zizimike.
Nikanunua ya embe, nikampisha.
Akanishukuru bila kuniona.

Usiku kazi ikaingia. "Ya haraka.
Niko likizo, mahali pa joto, mtandao mbovu, samahani."
Dakika ishirini na tatu.
Sauti imetoka hoteli ya Casuarina,
ikaenda Ulaya, ikageuka huko Mungu anakokujua,
ikarudi Maweni,
mwendo ambao tuktuk ingenitoza mia,
na dalali katikati amekwisha mega sehemu ya tano.

Nikabonyeza. Vigae, vigae, kikohozi, bei.
Nyuma yake mkokoteni unalia gurudumu,
na mtu anaita, "Maji! Maji baridi, mama!"
Kahindi.
Asubuhi hiyohiyo alinikopesha madumu mawili.

Sheria ya kazi: kila sauti ya nyuma
iwekwe ndani ya mabano, neno moja tu, kelele.
Nikafungua mabano.
Kishale kinapepesa, kinapepesa.
Nikaandika: Kahindi wa Maweni, anauza maji, anadai mia.
Nikafunga mabano,
nikatuma kabla stima haijaondoka.

Sijajibiwa bado.
Ila malipo yameingia, yakiwa yameng'atwa,
na leo alfajiri Kahindi kapita na mkokoteni wake.
Nimempa themanini.
Ameziangalia kiganjani, akaniangalia mimi,
akauliza ishirini amekula nani.