Nukta Nukta Mkwaju

Saa nane usiku, Isevya, umeme umerudi nusu:
taa ya jikoni inawaka, ya chumbani inakonyeza.
Mihayo ananiandikia kutoka stoo ya Sikonge:
"Nyamizi, mashine haitoi risiti.
Warina asali wanafika saa kumi na mbili,
madumu thelathini na moja. Fanya ufanyavyo."

Kwangu inatoa. Hilo ndilo linaloniudhi.

Juzi nilihamisha folda ya mizani.
Ilikaa mbali, na kila faili iliyoitaka
ilipanda ngazi kuifuata:
nukta nukta mkwaju,
nukta nukta mkwaju,
nukta nukta mkwaju, mizani.
Hama chumba kimoja tu, hesabu ya ngazi imeharibika.
Nikachoka. Nikaandika kwenye tsconfig jina moja fupi,
@asali/mizani,
nikasema: popote mtakapoliona, mjue ni kule.
Kihariri kikaitikia. Mstari mwekundu ukafutika.
Nikalala kama mtu aliyelipa deni.

Sasa kosa la Sikonge linasema
haioni @asali/mizani. Haijawahi kuisikia.

Hapa mtaani tuna kituo kinaitwa Mkwajuni.
Mkwaju wenyewe ulikatwa walipopanua barabara,
mimi nikiwa darasa la nne,
na bado tunasema, "Shukia Mkwajuni, kata kushoto,"
na bodaboda wote wanafika.
Mwaka jana akaja fundi wa majokofu kutoka Kigoma,
akazunguka tangu adhuhuri na friji ya watu kwenye guta
akitafuta mti.

Ndicho nilichofanya. Jina ni la wenyeji.
TypeScript ni mwenyeji: hulisoma, huitikia, hupita,
na anapojenga huliacha vilevile lilivyoandikwa.
Hafasiri. Wala hakuahidi kufasiri,
aliyedhani ameahidi ni mimi.
Seva ya Sikonge ndiyo fundi wa majokofu,
imesimama juani inatafuta mti.

Basi naliondoa jina la mkato.
Naipa mizani kifurushi chake, package.json yake,
jina lake la kweli,
na mlango mmoja tu, exports, unaoelekea dist.
Dirishani hapaingiliki tena.
Na ndani, faili kwa faili, naandika ./uzito.js
ingawa uzito.js haipo,
ipo uzito.ts pekee, bado mbichi;
unaiita kwa jina itakalokuwa nalo ikishajengwa,
kama dada yangu Kalunde alivyoitwa Mama Nkwabi
mwezi mzima kabla Nkwabi hajalia.

Najenga. Inakataa.
Najenga. Inakataa kwa maneno mengine, hayo ni maendeleo.
Najenga. Inapita.
Siiamini. Nafuta dist yote, najenga upya:
inakataa.

Treni inapiga honi stesheni, ndipo naona.
Hati yangu ya ujenzi inajenga risiti kwanza,
na risiti inanyoosha mkono kwa mizani
ambayo haijazaliwa. Ile iliyopita
ilikula kiporo cha jaribio la kabla yake.
Safisha. Mizani. Kisha risiti.
Nabadilisha mistari miwili,
kazi ya sekunde tisa iliyonila usiku mzima.

Saa kumi na moja na dakika arobaini naipeleka.
Mihayo kimya.
Mihayo kimya.
Kisha picha: karatasi imekunjika, wino hafifu,
dole gumba lake linang'aa asali.
"Dumu la kwanza. Kilo ishirini na nane nukta nne."

Nukta moja. Mkwaju hakuna.

Nakuza picha nisome jina la mwenye dumu.
Ni Shija Kapela; imechapwa Kapela Shija.
Hilo la mchana.