Njaa ya Pikapu

Watu walisema inaumwa. Mimi nilijua ina njaa.
Kilimani, njia ya kutoka Marafa,
mananasi mia sita nyuma, gia ya pili,
mguu wangu umelala juu ya mafuta,
injini ikakohoa kikohozi kikavu
kama mgeni aliyeitwa mezani akakuta sahani tupu.

Marehemu Thoya ndiye aliyeigeuza:
alitoa moyo wake wa zamani akatia injini ya lori,
tabo ya kuokotwa Mariakani,
nozeli zilizotobolewa upya,
tangi la pili chini ya bodi, lita themanini.
Aliipa tumbo kubwa, akasahau koo.
Akatutoka kabla hajalikumbuka.

Dukani kwa Yusufali, nyuma ya soko la zamani,
pampu tatu juu ya gazeti.
Moja ya gari la petroli, inang'aa.
"Baa nne," alisema,
akiitamka *nne* kama mtu anayetaja mahari.
Nyingine ya kufinya kwa mkono, mpira mweusi, umbo la kiazi.
Na kijisanduku cha bati, hata nusu baa hakifiki,
ukikigusisha waya kinalia tiki-tiki-tiki
kama saa ya chuoni.

Fundi Jefwa akakuna kidevu kwa bisibisi.
"Mama Mapenzi, chukua ya nguvu.
Gari la nguvu, pampu ya nguvu."
Nusura niitikie. Nani asiyependa kununua nguvu
ikiwa imewekwa bei na kufutwa vumbi?
Ila baa nne! Nyumbani kwangu
baa moja lilitosha.

Ndipo mkono wangu ukakumbuka kijiko.
Mavyaa wangu, Nyevu, alipopooza upande,
miezi miwili nilimlisha uji wa wimbi
wadi ya wanawake, kitanda cha dirishani.
Nesi alinifunza: tazama koo, acha kutazama bakuli.
Ukisukuma, atapaliwa.
Ukichelewa, atalala na njaa.
Kati ya hapo na hapo pana upana wa kijiko,
na mle ndimo alimoishi, miezi miwili ile.

Nikauliza: pampu ya nozeli, yenyewe, inameza kiasi gani?
Jefwa akanyamaza.
Kisha akakiri kwamba sili ni za zamani,
zikisukumwa zitapasuka, dizeli ichanganyike na oili,
na hapo tutaimba mengine.
Na isiyoliwa inarudi tangini kwa njia gani?
Paipu ya kurudia, akasema, ni nyembamba.
Nyembamba vipi?
Akaonyesha mrija wa soda yake.
Yusufali akafunua daftari asiloliandika kitu.

Nilichukua kijisanduku.
Alitaka elfu sita, nikamwachia elfu nne na mia mbili
na nanasi moja, lililopondeka kidogo.

Tuliifunga chini, ubavuni mwa tangi,
maana pampu ya umeme hodari wa kusukuma, mvivu wa kuvuta.
Chujio mbele yake, isile mchanga wetu.
Waya tukaupitisha kwenye rilei:
injini ikizima nayo izime,
isije ikaendelea kumwagia dizeli
gari lililopinduka.
Hilo nililitaka mimi. Jefwa hakuuliza kwa nini.

Usiku, uani Maweni, nikazungusha ufunguo nusu.
Tikitikitiki, mbio, kama mtoto anayetafuta ziwa gizani.
Halafu polepole.
Tiki.
Tiki.
Mistari imejaa.
"Imeshiba," Jefwa akanong'ona, kana kwamba itaamka.

Bana moja inatoa tone. Nimelifuta kwa ncha ya leso,
limerudi, nimelifuta tena.
Mikono inanuka dizeli hadi kwenye tonge la wali.

Kesho alfajiri nina mananasi, na kilima kipo palepale.
Risiti ya Yusufali nimeikunja kwenye kioo cha jua.
Chini kabisa, kwa muhuri wa wino wa zambarau:
*Mali ya umeme hairudishwi.*