Saa ya Stesheni ya Kikavu

Nilitoka Moshi siku ya tatu, nikakuta saruji imeshalowa.
Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza jiwe
juu ya mataruma, na ndani ya jiwe hilo
kiatu kimoja cha dereva, kamba bado zimefungwa.
Mahindi yalivimba kwenye kokoto.
Kuku wa Bi Aikande hawakungoja ripoti.

Treni ya saruji ilikuwa inapanda,
ya mahindi inashuka kutoka Arusha,
njia moja, kona moja, migunga pande zote.
Simu ya stesheni ilikuwa bubu, waya umeibwa tangu Machi;
usiku ule walikuwa wakienda kwa ratiba
na kwa imani.

"Andika uzembe," waliniambia ofisini. "Jina tunalo."
Jina lilikuwa Shemdoe, karani wa zamu,
kijana wa Lushoto, wiki ya pili kazini.
Alikaa mbele yangu mikono mapajani
kama aliyepakata bakuli la maji.
"Niliangalia saa," akasema.
Kisha tena, polepole: "Mama, niliangalia saa."

Nami nikaiangalia.
Uso wa njano, nzi mkavu chini ya kioo.
Nikailinganisha na ya mkononi:
dakika kumi na moja nyuma.

Nikamwita Ndekirwa, mgeuza njia.
"Aa, hiyo? Inachelewa tangu mwaka wa mafuriko.
Sisi huwa tunajumlisha kichwani."

Sisi.
Nililiandika neno hilo peke yake kwenye ukurasa
nikalizungushia duara, mara mbili,
mpaka kalamu ikatoboa karatasi.
Nani alimwambia Shemdoe kwamba yeye bado si sisi?

Ripoti ilifika kurasa arobaini: waya, taa, breki za mabehewa,
zamu za saa kumi na sita.
Lakini juu ya yote niliweka saa.
Wakanipigia kutoka Dar: unafanya mzaha?
Watu wawili wamekufa, nawe unadai saa ya elfu ishirini?
Ndiyo, nikasema. Hapo ndipo panapouma.

Nilipita tena Kikavu mwezi wa tano.
Simu inalia. Taa mpya, kijani cha kutosha.
Ukutani, saa ileile,
na juu ya kioo plasta ya kidonda,
kalamu nyekundu: ONGEZA 11.
Mwandiko wa Shemdoe; nilikuwa nimeusoma sana.

Nikainua mkono, nikalinganisha.
Zilikuwa kumi na tatu.