Safu ya Nne

Daftari la stoo lina safu tano:
Tarehe. Kifaa. Idadi. Kilikotoka. Sahihi.
Miaka kumi na tisa safu ya nne
niliijaza bila kufikiri, mkono wenyewe ukijua njia:
Dar, Dar, Dar,
na chini yake vile vialama viwili vya uvivu
vinavyosema kama hapo juu
mpaka mwisho wa ukurasa.

Sabuni ilipanda treni siku mbili
kuja Kigoma, mji unaokamua mawese.
Nilizipokea katoni, nikazihesabu,
dirishani michikichi ikinitazama
kama mkwe aliyenyimwa kiti.

Kisha ikaja habari ya kile kimpira.
Upana wa ukucha wa kidole gumba,
kimekatika ndani ya mashine ya kufyonza,
ile inayosafisha pua ya kichanga
aliyezaliwa hajaamua kama atabaki.
Niliagiza. Nikaagiza tena.
Barua ya tatu niliiandika kwa wino mwekundu.
Miezi tisa, mimba nzima,
mashine imekaa nyuma ya stoo, imefunikwa kanga,
na muuguzi Ntamavukiro anafyonza kwa mrija,
kwa mdomo wake.

Kashindi wa Gungu hutengeneza injini za boti.
Alikuja kumwona dada yake wodi ya wazazi,
akauliza kilichofunikwa. Nikafunua.
Kesho yake akarudi na kimpira ndani ya kiberiti.
Mhandisi wa mkoa alikataa, na alikuwa na haki:
"Mtoto si boti, Kashindi.
Boti ikizima unapiga kasia."
Sote tukanyamaza.

Lakini hakumfukuza.
Alileta geji, akaburuta meza kutoka chumba cha mikutano,
wakapima usiku na mchana,
wakaharibu vimpira kumi na kimoja,
wakaandika kila kilichopasuka na sababu yake.
Cha kumi na mbili kilishika.

Meza ile haijarudi mikutanoni.
Ina vijana watatu sasa, na Nyanzobe,
aliyeacha kuuza vocha ili ajifunze kulehemu.
Boti za Sigunga na Kalya huleta
mizani iliyosahau uzito, taa iliyogoma,
na hurudi navyo vikiwa vizima, risiti juu.

Sitadanganya kwamba ilikuwa nyepesi.
Mwavita wa Simbo alituletea miche mia nne ya sabuni,
tukamlipa baada ya siku mia na kumi.
Alikaa mlangoni kwangu, hakufoka:
"Mikono mmenawa kwa sabuni yangu,
na mimi mmeninawa pia."
Alikuwa ameuza sufuria la kupikia
apate kuwalipa wachukuzi.
Nikajua hospitali huua hata kwa karatasi.
Ilibidi mganga mkuu asimame kikaoni:
siku kumi na nne, basi.
Ilipita kwa kura mbili.

Watu huuliza, faida iko wapi?
Mimi si mchumi. Najua kwamba Ruhwanya
aliuza wavu ampeleke mkewe Mwanza,
na wavu ukiuzwa
huuzwa na samaki wake wote wajao.
Najua mwaka huu mke wa mdogo wake
aliugua ugonjwa uleule, akatibiwa hapa siku nne,
na Jumatano wavu ulikuwa majini.
Uite unavyotaka.

Friji ya chanjo bado inanitesa. Umeme ukicheza
nauegemea mlango wake kama ninayemzuia mlevi.
Na Dar bado naiandika, sioni haya;
si kila kitu kitatoka Gungu.

Ila leo asubuhi nimepokea katoni kumi na mbili,
nikashika kalamu, mkono ukaanza D,
nikaukanya.
Nikaandika: Mwavita binti Songoro, Simbo,
nyumba yenye tangi la bluu.
Safu ni nyembamba. Waliochapa daftari
hawakutegemea jina la mtu.
Limemwagikia safu ya tano,
mahali pa sahihi yangu,
nami nimesaini pembezoni.