Robo ya Marehemu

Injini ilitoka kwenye GX iliyobiringika Usagara,
silinda sita, kompyuta yake kwenye mfuko wa rambo.
Wakaishusha ndani ya Pijo 504,
ya mwaka sabini na nane, rangi ya mtindi.
Mafundi wa injini wakanawa mikono kwa petroli,
wakala ugali na sato, wakaondoka.
"Inawaka," walisema.
Kuwaka, inawaka.
Ila dashibodi imelala fofofo,
mishale yote mitatu imeinamia kushoto
kama watu wanaosubiri jina lao hospitalini.

Hapo ndipo huitwa Limi wa waya, Nyakato.

Injini hii husema haraka haraka, kwa namba,
kama dalali wa samaki Kirumba alfajiri:
themanini na tisa nukta nne, themanini na tisa nukta sita.
Geji ya Pijo haijui nukta.
Inajua ukinzani, mwingi au kidogo, basi.
Ukiipa namba inakutazama tu.

Kwa hiyo joto nimelitafutia njia ya panya.
Kipima cha zamani nimekichukua, nikakipeleka Igogo,
mkereza vyuma akanichongea bushi ya shaba,
nikakifunga kando ya sensa mpya, bega kwa bega:
mmoja aiambie kompyuta,
mwingine amwambie mama.

Spidi bado. Giaboksi mpya haina kebo.
Mpaka pesa ipatikane, gari litapita Igoma
huku, kwa mujibu wa dashibodi, limesimama.

Athi ndiyo iliyonitoa jasho.
Ukiwasha taa, mafuta yanapanda.
Ukikanyaga breki, joto linashuka.
Kijana wangu Masalu akasema gari lina mambo.
Nikamwambia lete msasa.
Chini ya bolti moja, nyuma ya redio,
kutu ya miaka yote ile ya unyevu wa ziwa.
Tukasugua mpaka bati likacheka.
Mambo yakaisha.

Nikafungua tangi.
Boya la shaba lilikuwa na tundu dogo, la sindano,
limekunywa petroli, limekuwa zito,
halikuelea tena, lilizamazama.
Nikalikausha juani siku nzima, nikaliziba kwa lehemu,
nikalirudisha. Mshale ukapanda ukasema kweli:
nusu.

Mama Nkwimba alikuwa amekaa juu ya kreti la soda.
Akaingia, akazungusha ufunguo, akatazama.
"Nusu?"
Nusu, mama. Nimepima kwa kijiti.
"Hapana. Hili gari husema robo."

Nikamweleza habari ya tundu.
Akanisikiliza kama anayesikiliza mtoto.
"Bujiku alilijua hilo tundu kabla hujazaliwa.
Alikuwa mkaguzi wa pamba, Magu, Bunda, mpaka Bariadi,
na barabara unazijua.
Mshale ukigota tupu, mimi nikianza kusali,
yeye anapiga mluzi. Tunafika Kisesa.
Tunafika nyumbani.
Alikuwa akisema: mtu ukimwonyesha chote alicho nacho,
atakitumia chote."

Kisha akanyamaza, akafuta kioo cha geji kwa kidole,
ingawa kilikuwa safi.

Kulitoboa boya tena singeweza. Mkono ungekataa.
Nikamwaga kopo la maziwa ya unga juu ya gunia,
nikachambua rezista kama mtu anayechambua mchele:
kijani, buluu, nyeusi.
Nikaikata waya ya tangi, nikailehemu katikati,
nikaivika mpira mweusi, nikaipasha moto ikabana.
Mshale ukashuka polepole.
Robo.

Akacheka bila sauti, mabega tu.

Kwenye mchoro wa waya, kwa fundi atakayekuja baada yangu,
nimeandika kwa penseli:
hapa panadanganya. Usirekebishe.

Ameondoka saa kumi na moja, spidi sifuri,
vumbi mpaka kwenye duka la mbao.
Elfu kumi na nne ya fyuzi
bado namdai.