Ukingo wa Kofia

Ermelinda kaniletea simu yenye ufa kiooni
na ombi moja: "Mfungue uso."
Kana kwamba uso ni dirisha,
na komeo ninalo mimi.

Picha ni ya Julai, nje kidogo ya Coruche,
saa ambayo jua la Ureno halimwonei mtu huruma:
kaka yake, Zeferino, shoka begani,
kando ya mwaloni wa vizibo uliovuliwa gome,
shina jekundu kama ulimi,
anga nyuma yake imeungua, nyeupe tupu,
na toka paji la uso hadi kidevu, giza.
Kofia imemmeza.

Nilianza kwa pupa, sifichi.
Nikapandisha mwanga picha nzima,
vivuli vikaibuka kama maji ya mtaro,
majani yakawa jivu, shina likapauka,
Zeferino akafanana na mtu aliyemwagikiwa unga.
Nikafuta.

Basi ikanibidi nichague.
Nilisogea karibu hadi mtu akaisha,
zikabaki pikseli, vigae vya kahawia na zambarau,
nami nikatambaa juu yake kwa kipanya,
nukta, nukta, chini ya ukingo wa kofia,
nikapinda kwenye sikio,
nikakwama kwenye ndevu za siku tatu
ambapo hakuna awezaye kuapa
unywele unaishia wapi, giza linaanzia wapi.

Mara ya kwanza niliacha pindo jeupe,
utepe wa nuru kama wa sanamu za kanisani.
Ermelinda akacheka: "Mtakatifu gani huyo?
Alidaiwa divai kila duka."
Nikausogeza mstari ndani,
nikaulainisha kwa pikseli tatu. Zikazidi.
Nikarudi mbili.

Akavuta kiti, akakaa.
"Yeye naye alikuwa hivyo na shoka.
Ukipiga kwa woga, gome halitoki.
Ukipiga kwa nguvu, unaujeruhi mti,
na miaka tisa baadaye, ukirudi kuvuna,
kidonda chako unakikuta palepale,
kinakutazama."
Mkono, alisema, husikia gome linapoachana na mti:
sauti ya kitambaa kinachochanwa chumba cha pili.

Mimi sikusikia kitu. Feni ya kompyuta tu.
Lakini safari hii, nilipoinua mwanga taratibu,
giza lile peke yake ndilo lililosogea.
Shina halikushtuka. Anga haikujua.
Ikaja pua, likaja jasho juu ya mdomo,
macho, yamefinywa, karibu yacheke,
kisha shavu la kushoto, na kovu
refu, lililoshonwa vibaya.

"Hapo. Simama hapo."
Nikadhani amefurahi.
"Kofia aliivuta mwenyewe," akasema.
"Tangu shoka la mwenzake lilipoteleza,
kila akiona kamera, aliivuta.
Nilitaka kumwona. Nimemwona.
Sasa mrudishie chake."

Nikachora tena, eneo dogo, umbo la jani,
shavu moja tu,
nikalishusha mwanga kidogo kidogo
hadi aliponigusa kiwiko.
Macho nikayaacha wazi.

Alilipa kwa sarafu, akazihesabu mara mbili.
Nikahifadhi faili: zeferino_mwisho.
Alipofika mlangoni akageuka, akaitazama tena skrini.
"Kidogo tu zaidi," akasema.
zeferino_mwisho_2.